Mshika Fimbo Asiwe Mshika Siri

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo halipigiwi ngoma katika mikutano ya hadhara wala halimpatii mtu kura. Ni habari ya mtoto wa shule mwenye shida moyoni, na mwalimu ambaye mtoto huyo amemchagua kumweleza. Mtu aweza kusema kwamba hili ni jambo dogo la ofisi ya walimu, na gazeti la chama lina mambo makubwa zaidi ya kuyashughulikia. Sisi twasema si dogo hata kidogo. Karibu nusu ya wananchi wa Tanzania ni watoto walio chini ya miaka 18, na wengi wao hukutana na Serikali kwa mara ya kwanza darasani. Hapo ndipo wanapojifunza kama nchi hii ni yao au ni ya wengine. Mtoto akisikilizwa hapo, atakua akijua kwamba neno lake lina thamani. Akinyamazishwa hapo, tusishangae akikua akawa mtu wa kuitikia "ndiyo mzee" mbele ya kila mkubwa, hata kama mkubwa huyo ni mwizi wa mali ya umma.

Basi neno letu ni hili. Mwalimu anayepewa kazi ya kuwasikiliza watoto asiwe yule yule anayepewa kazi ya kuwachapa. Na mwalimu huyo, awe wa kabila lo lote na dini yo yote, ajue kwamba shida anayoletewa na mtoto ni amana, na kila amana ina masharti yake.

HALI ILIVYO

Wizara ya Elimu iliagiza kwa waraka tangu mwaka 2002 kwamba shule zetu ziwe na huduma ya ushauri na unasihi. Agizo hilo lilikuwa jema, nasi hatuna ugomvi nalo. Lakini nenda katika shule nyingi za vijijini na za mijini, ukaulize mwalimu wa unasihi ni nani. Utaonyeshwa mtu mwenye vipindi vya kuwatosha watu wawili, hana chumba, hana saa iliyotengwa kwa kazi hiyo, na mafunzo aliyopata ni yale machache ya chuoni. Na mara nyingi utaambiwa kwamba yeye ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anasimama mstarini ameshika fimbo; mchana anatakiwa awe baba au mama wa wenye shida.

Watoto si wajinga kiasi hicho. Mvulana wa kando ya ziwa anasinzia darasani kwa sababu usiku kucha alikuwa katika mtumbwi wa dagaa, akitafuta fedha ya kumlisha mama yake mgonjwa. Anachapwa kwa kusinzia. Msichana anachelewa siku tatu mfululizo kwa sababu anaiogopa njia ya shule. Yuko mtu mzima anayemvizia hapo kwenye pikipiki. Anachapwa kwa kuchelewa. Je, watoto hawa wataanzia wapi kumfuata mwalimu yule yule saa nane mchana na kumwambia yaliyo moyoni? Watanyamaza. Na mwalimu ataandika katika taarifa yake kwamba shule haina watoto wenye matatizo.

Ukimya huo una gharama. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufikisha miaka 18. Hesabu hiyo na tuipeleke katika darasa la watoto 60, nusu wasichana na nusu wavulana. Katika darasa kama hilo watapatikana wasichana kama 9 na wavulana kama 4 ambao yamewafika au yatawafika kabla hawajawa watu wazima. Wote wanakaa kwenye madawati, wanaitikia "shikamoo mwalimu", na hakuna ajuaye.

Juu ya viboko vyenyewe sheria yetu haiko kimya. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kwamba kiboko ni kwa kosa kubwa, visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, kisha adhabu iandikwe katika daftari. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi, wakapiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Ubishi wa kama nasi tufike huko ni ubishi wa haki, na kurasa za gazeti hili ziko wazi kwa pande zote. Lakini hata anayeitetea fimbo hana budi kukubali jambo moja: kanuni haikumpa kila mwalimu apitaye uwanjani ruhusa ya kukata fito na kumchapa amtakaye. Wala haikusema kwamba mpokeaji wa machozi ya mtoto ndiye awe mchapaji wake.

HAKI HIZI NI ZA NANI

Wako wanaosema kwamba haya maneno ya haki za mtoto ni ya Wazungu, yameletwa kuja kuharibu malezi ya Kiafrika. Twawaomba ndugu zetu hao wasikilize kwa subira.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, nasi Tanzania tuliuridhia mwaka 1991. Walakini Afrika haikukaa ikingoja kuambiwa. Mwaka 1990, mjini Addis Ababa, viongozi wa nchi huru za Afrika walipitisha mkataba wao wenyewe wa haki na ustawi wa mtoto, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2003. Mkataba huo wa Afrika una jambo ambalo wapinzani wa haki za mtoto wangelipenda kama wangeusoma: unamtajia mtoto wajibu wake pia. Unamtaka awaheshimu wazazi wake na wakubwa zake, awasaidie wanapohitaji, na autumikie umma kwa nguvu na akili zake. Papo hapo unazitaka Serikali zikomeshe mila zinazomdhuru mtoto, na unataka adhabu ya shuleni itolewe kwa utu na kwa kumheshimu mtoto. Heshima yapanda na kushuka. Mtoto amheshimu mkubwa, na mkubwa amheshimu mtoto. Je, hapo kuna Uzungu gani?

Kisha sisi wenyewe, katika Bunge letu, tukatunga Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ndugu zetu wa Zanzibar wakatunga ya kwao mwaka 2011. Sheria ya 2009 yasema mtoto asibaguliwe kwa kabila, dini, lugha wala ulemavu. Yasema ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Na yasema kwamba mtu ye yote katika jamii mwenye habari kuwa haki za mtoto zinavunjwa, ana wajibu wa kuzifikisha kwa Serikali ya mahali hapo. Mwalimu ni mtu wa kwanza katika "mtu ye yote" huyo.

SHULE YA WATOTO WA KILA NAMNA

Yafaa tukumbuke shule zetu zilitoka wapi. Kabla ya Uhuru mtoto wa Kizungu alikuwa na shule yake, wa Kihindi yake, na wa Kiafrika yake, na fedha zilizotumika kwa kila mmoja zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Mara baada ya Uhuru utaratibu huo ulivunjwa kwa sheria, na kuanzia mwaka 1962 milango ya shule ikawa haiulizi rangi. Mwaka 1969 Serikali ikapewa mamlaka juu ya shule zilizokuwa za mashirika ya dini, ili mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakae dawati moja bila mmoja kulazimishwa kubadili imani. Watoto wa sekondari wakapelekwa mikoa ya mbali na kwao, Mngoni akalala bweni moja na Mhaya, Mzaramo na Mwiraqw. Taifa letu lenye makabila zaidi ya 120 halikuunganishwa na hotuba peke yake. Liliunganishwa pia na vitanda vya bweni na sufuria za maharage.

Lakini kuwaketisha watoto pamoja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumjua kila mmoja anatoka wapi, ili ukimwita kumshauri usimshauri kana kwamba watoto wote wamezaliwa nyumba moja. Hapa walimu wetu wengi, wema kabisa, wanajikwaa.

Chukua adabu. Katika nyumba nyingi za nchi hii mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho anaposemeshwa na mkubwa. Kwa Wamasai mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa amguse ndipo salamu itimie. Mwalimu aliyekulia mjini akimwona mtoto haangalii usoni, aweza kusema, "Huyu ana hatia, ndiyo maana anakwepa macho." Mtoto anatoa heshima, naye anaandikiwa kosa. Mwalimu wa namna hiyo hajatenda uovu. Amehukumu kabla ya kuuliza.

Chukua ukoo. Mtoto ana shida, mwalimu anaandika barua, "Aje baba." Kwa makabila mengi hilo ni sawa. Lakini kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera wa kusini, na kwa Waluguru wa milimani Morogoro, ambao ukoo wao wa asili hufuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno zito juu ya mtoto. Kwingine msichana hawezi kulisema jambo la mwili wake mbele ya baba. Atalisema kwa shangazi au bibi. Na katika pwani yetu msichana alikuwa na somo wake, mwanamke aliyemfunda na kuzitunza siri zake. Mwalimu akimwuliza mtoto, "Nyumbani kwenu nani hukusikiliza?" atajifunza zaidi kuliko kwa barua kumi za kumwita baba.

Na mfano huo wa somo wafaa tuukazie. Wanaodhani unasihi ni kazi ya kigeni wamesahau kwamba wazee wetu walikuwa na wanasihi, wakawapa majina na heshima yao. Somo, kungwi, shangazi, babu wa jandoni, hao wote walikuwa watu waliochaguliwa kwa kazi ya kumweka kijana faraghani na kumweleza ya dunia. Wala hakupewa kazi hiyo mtu mropokaji. Kinachotakiwa leo ni kuirudisha shuleni hekima ile ya kumchagua mtu anayefaa, na kuiongezea elimu ya sasa.

Chukua lugha. Mtoto wa Darasa la Kwanza katika vijiji vingi vya Manyara au Simiyu anaingia shuleni na lugha ya nyumbani kwao tu. Akifika Kidato cha Kwanza anakutana na Kiingereza, na ziko shule zinazomwadhibu akinena Kiswahili. Hatusemi leo juu ya lugha ya masomo. Twasema juu ya lugha ya machozi. Mtoto hawezi kueleza uchungu wake kwa lugha anayoihofu. Ikiwa kuna mahali pamoja shuleni ambapo hapana ruhusa ya kuuliza "unasema lugha gani", basi ni katika chumba cha unasihi. Na ikiwa mwalimu haijui lugha ya mtoto, amtafute mtu mzima mwaminifu wa kutafsiri, kamwe asimtumie mwanafunzi mwenzake. Maana siri iliyopita kwa mtoto mwingine itafika kisimani kabla ya jioni.

Chukua utani. Twajua na twapenda utani wa makabila yetu. Wangoni na Wahehe walipigana vita, leo wanataniana hata msibani, na hiyo ni mali ya taifa. Lakini utani ni wa watu walio sawa, kila mmoja akiwa na nafasi ya kujibu. Mwalimu akimtania mtoto darasani kwa kabila lake au kwa matamshi yake, mtoto hana la kujibu, na wenzake arobaini wanacheka. Huo si utani tena, ni uonevu.

Na chukua dini. Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuamini. Mtoto akija na shida, mwalimu asiugeuze wakati huo kuwa wa kumvuta upande wake. Anayezama akipewa mkono haulizwi kwanza anasali wapi.

MILA HAIWI KINGA YA UOVU

Hapa twaomba tusieleweke vibaya. Kuheshimu mila ya mtoto hakuna maana ya kumwacha mtoto aumizwe kwa jina la mila. Ziko mila za kusalimiana, kula, kuoa na kuzika, nazo mwalimu azikute na aziache. Ziko nyingine zinazokata mwili wa mtoto au kumwuza. Hizo mwalimu hana ruhusa ya kuzifumbia macho, hata kama yeye mwenyewe ni wa kabila hilo.

Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania Bara tangu mwaka 1998. Mwaka 1996 wanawake kama 18 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Kufika mwaka 2022 walikuwa kama 8. Idadi imeshuka, na walioishusha kwa sehemu kubwa ni watu wa jamii hizo hizo: kina mama, wazee, wachungaji, mashehe na walimu. Walakini huko Mara, likizo ya Desemba bado huwatia hofu wasichana wengi. Mwezi wa Novemba msichana anaanza kukaa peke yake, hali vizuri, hajibu maswali. Akimwambia mwalimu wake, "Nyumbani wanaandaa sherehe," hizo ni siku chache tu za kumwokoa. Mwalimu aliyejifunza ataelewa neno hilo moja. Asiyejifunza atamwambia, "Hongera, na usisahau kazi za likizo."

Ndoa za utotoni ni vivyo hivyo. Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Na tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampeleka gerezani miaka 30 mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Lakini hakimu hawezi kufika kijijini kabla ya posa. Mwalimu yupo tayari hapo.

Tusisahau pia msichana aliyekwisha kupata mimba. Kwa miaka mingi alifukuzwa, na ndoto zake zikafukuzwa pamoja naye. Mwezi Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba aruhusiwe kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mlango ulifunguliwa, nasi tulishangilia. Lakini msichana anayerudi anakuta vicheko mstarini, vijembe vya wazazi wa wenzake, na pengine mwalimu anayemfanya mfano wa ubaya mbele ya darasa. Bila mtu wa kumshika mkono katika majuma yale ya kwanza, ataondoka tena kwa miguu yake mwenyewe.

MASHARTI YA AMANA

Sasa tuseme wazi jinsi amana ya mtoto itunzwavyo. Maana mwalimu naye anahitaji kujua mipaka yake, asije akaingia matatani kwa wema wake.

Sharti la kwanza, mwalimu asiahidi asichoweza kutimiza. Mtoto akisema, "Mwalimu, nitakuambia lakini usimwambie mtu," jibu la haki si "naapa sitasema". Jibu la haki ni kumwambia: "Nitaitunza siri yako. Ila nikiona unaumizwa, au utaumia, au mwingine ataumia, sina budi kumtafuta mtu wa kutusaidia, nami nitakuambia kwanza ni nani." Mtoto akielezwa hivyo huelewa. Asichoweza kukisamehe ni kudanganywa.

Sharti la pili, yale yasiyo ya hatari yabaki pale pale. Umaskini wa nyumbani, kukojoa kitandani, ugomvi wa wazazi, mapenzi ya kitoto, hayo si hadithi za kunogesha chai katika ofisi ya walimu. Siri ya mtoto ikisikika kwa mwalimu wa tatu, mtoto huyo hatasema tena na mtu mzima ye yote, na wenzake waliokuwa wanataka kusema watafunga vinywa pia.

Sharti la tatu, ya hatari yapelekwe panapohusika, na upesi. Yapelekwe kwa mkuu wa shule, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mtendaji, au katika dawati la jinsia na watoto la polisi. Iko pia simu ya watoto ya namba 116. Na kama mtuhumiwa ni mwalimu mwenzetu, tena hata kama ni mkuu wa shule mwenyewe, yapelekwe juu yake. Tumechoka na habari ya "tuyamalize kifamilia", ambapo familia ya mtoto hupewa ng'ombe au fedha na mtoto hupewa aibu. Kikulacho ki nguoni mwako; na nguo ya ualimu haina budi kukung'utwa kila siku.

Sharti la nne, mwalimu asizungumze na mtoto katika chumba kilichofungwa komeo, wala nyumbani kwake usiku. Faragha si giza. Chini ya mwembe uwanjani, mahali watu wanaona lakini hawasikii, ni pema kuliko ofisi nyingi. Hilo humlinda mtoto, na humlinda mwalimu mwema na ulimi wa watu.

WANAOSEMA WATOTO WATAHARIBIKA

Yuko mzee atakayetuandikia barua akisema: "Sisi tulichapwa tukawa watu. Mcha mwana kulia, hulia yeye." Twamheshimu mzee wetu. Lakini wazee wale wale waliotuachia methali hiyo walituachia pia ile ya kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyelelewa kwa hofu atakua akijua lugha mbili tu, ya kuogopa na ya kuogopesha. Nchi iliyojitoa katika utawala wa kiboko cha mkoloni haiwezi kutamani raia wa namna hiyo.

Tena, kumsikiliza mtoto si kumwachia afanye atakavyo. Mtoto mtoro aambiwe kwamba utoro ni kosa, na afanye kazi ya kulipia kosa lake. Lakini kwanza aulizwe alikuwa wapi na kwa nini. Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza panapouma, na hakuna anayesema kwamba kuuliza huko kunawaharibu wagonjwa.

Na yuko mwalimu atakayesema: "Nina watoto tisini darasani, Serikali inataka niwe na arobaini na watano. Nyumba yangu inavuja. Mnaniongezea mzigo mwingine?" Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twajua kwamba malalamiko hayo ni ya kweli, na ndiyo maana mzigo huu hatutaki kumtwika mwalimu mmoja mmoja. Twautaka ubebwe na wote wanaopaswa kuubeba.

TUNAYOYATAKA

Kwa Serikali twasema: kila shule iwe na walimu wawili wa unasihi, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, waliofundishwa kazi hiyo, waliopunguziwa vipindi, na waliokatazwa kwa maandishi kushika fimbo au kukaa katika kamati ya nidhamu. Vyuo vya ualimu vifundishe somo hili kwa uzito wa hesabu na lugha, pamoja na maarifa ya mila na koo za nchi yetu. Maofisa ustawi wa jamii waongezwe katika kata, maana mwalimu akipeleka taarifa mahali pasipo na mtu wa kuipokea, ni sawa na kuitupa kisimani.

Kwa walimu twasema: taifa hili kiongozi wake wa kwanza aliitwa Mwalimu mpaka kufa kwake, na hakutaka cheo kikubwa kuliko hicho. Jina hilo ni lenu. Watoeni wenyewe kati yenu wale wanaolichafua, msingoje mpaka polisi waje.

Kwa wazazi twasema: mwalimu akimwuliza mtoto wako habari za nyumbani, usidhani anakupeleleza. Nenda shuleni ukamwone. Mwambie mila yako ni ipi, nani katika ukoo anasikilizwa na mtoto, na nini kinamtisha mtoto huyo. Mlezi wa mchana na mlezi wa usiku wakijuana, mtoto hapati pa kupotelea.

Na kwa wanachama wetu, hasa viongozi wa matawi, twasema: kabla ya mwisho wa muhula huu, kila tawi litume wajumbe katika shule iliyo jirani. Waulize maswali matatu tu. Mwalimu wa unasihi ni nani? Ana saa gani na mahali gani pa kuonana na watoto? Je, ndiye pia mwalimu wa nidhamu? Majibu yaletwe katika mkutano wa tawi, yapelekwe kwa kamati ya shule na kwa diwani, na nakala zije kwetu. Shule itakayokuwa imefanya vizuri tutaipongeza katika ukurasa huu. Na pale patakapokuwa na upungufu, tutarudi kuuliza tena, na tena, mpaka mtoto wa mkulima, wa mfugaji na wa mvuvi apate shuleni mtu mmoja mzima anayeweza kumwambia shida yake bila kutazama kwanza mkononi mwake kuna nini.